Mshereheshaji Aliyechagua Harusi Ndogo

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni shemeji wa marehemu, mjane aliyeketi hapa mbele ni mdogo wangu wa tumbo moja, na familia imenipa mimi kazi hii ya kusoma kwa sababu watoto walijaribu jana wakaishia mstari wa pili. Naomba walio nyuma wasogee, nafasi ipo, kwa kuwa nasoma bila kipaza sauti, ndivyo alivyoagiza mwenyewe, na kwa mtu aliyekula jasho la kipaza sauti kwa miaka mingi mtakubali kwamba agizo hilo lina maelezo yake, nami nitayafikia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kengele, alizaliwa Jumanne, tarehe 8 Machi 1960, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi wa mabehewa na mama mshonaji, katika nyumba ambayo treni ikipita vikombe vilicheza kabatini, na mama yao alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua kupaza sauti kabla ya kujua kusema, maana bila hivyo asingesikika na mtu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967 na kuhitimu mwaka 1973, na ni huko alikopata jina lake, kwani alipokuwa darasa la sita kengele ya shule ilipasuka, mwalimu mkuu akamsimamisha uwanjani atangaze mwisho wa kila kipindi kwa mdomo, na kengele mpya ilipoletwa walimu wakalalamika kuwa ile ya zamani ilisikika mbali zaidi. Aliendelea na sekondari kuanzia mwaka 1974 hadi 1977, akafanya vizuri katika lugha, vibaya katika hesabu, na katika nidhamu, kwa maneno ya ripoti aliyopenda kuisoma mbele ya wanawe, "anazungumza mno."

Mwaka 1979 aliajiriwa stesheni kuwa mtangazaji wa safari, akawa ndiye anayewaambia abiria treni gani inakuja na ipi imechelewa, na walisema kwamba hata habari ya kuchelewa ikitoka kinywani mwake ilimfanya mtu ajisikie amekaribishwa. Dada yangu alikuwa mkata tiketi katika dirisha lililo chini ya spika yake, na maneno ya kwanza kabisa waliyosemezana, ambayo familia zote mbili tunayajua kwa moyo, ni ya dada yangu kupanda ngazi, kusimama mlangoni na kusema, "Kaka, ukimaliza kupiga kelele niambie, nina watu wa kuwahudumia," naye akajibu, "Dada, nikimaliza kupiga kelele nitakuwa nimefukuzwa kazi, utanilisha wewe?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1989, wa kiume mwaka 1992, na kitinda mimba, binti, mwaka 1998.

Safari za treni zilipopunguzwa mwaka 1994, marehemu alipunguzwa pamoja nazo, na badala ya kukaa kushika tama alinunua spika mbili na kipaza sauti kimoja, akaanza kusherehesha harusi. Sina haja ya kuwaeleza alikofika, kwa sababu nusu ya mliopo hapa yeye ndiye aliyewaingiza ukumbini siku ya ndoa zenu, mkicheza na wengine mkijikwaa, na hapakuwa na ukumbi mkubwa katika mji huu ambao mlinzi wake hakumjua. Spika zikaongezeka zikajaa sebule, dada yangu akaziita wake wenza, na kila Jumamosi aliondoka mchana akarudi watoto wamelala, hata kitinda mimba alipoulizwa shuleni baba yake anafanya kazi gani akajibu kwamba anaoa kila wiki.

Lakini kazi ile ilikuwa na upande aliotusimulia kwa kicheko ambacho hakikuwa kicheko kamili. Katika harusi moja ya watu wengi mno alimwita jukwaani baba wa bibi harusi atoe neno, akamshika mkono bwana mmoja aliyevaa suti nzuri pale mbele, bwana yule akapanda, akashukuru vizuri sana, akawatakia wanandoa heri, akapigiwa makofi, na baadaye ikajulikana kuwa ni fundi wa jenereta aliyekuja kutazama waya. Baba mwenyewe alikuwa meza za nyuma kabisa, na hakuna jukwaani aliyemwona alipoinuka nusu, kisha akakaa. "Shemeji," aliniambia siku ile, "mimi nawakaribisha watu nisiowajua katika shughuli ya watu wasiojuana."

Mwezi Machi 2020 maradhi yale yaliyoifungia dunia ndani yakafika na kwetu, mikusanyiko ikakatazwa, kumbi zikafungwa, spika zikafunikwa shuka, na Kengele akakaa nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu kitinda mimba azaliwe. Hatujasahau, ndugu zangu, ulikuwa wakati mchungu, tulizika watu bila kuwaaga, na mimi sisimami hapa kuusifu. Nasema tu kile nilichokiona katika nyumba ile, kwamba mume na mke walianza kula meza moja jioni, kwamba marehemu aliweka ndoo ya maji na sabuni langoni na hakuiondoa tena, na kwamba kila Jumapili saa kumi alianza kuwapigia simu ndugu zake mmoja baada ya mwingine, wala si kwa jambo lolote, ila kuwauliza wameshindaje.

Ruhusa ya harusi za watu wachache ilipotoka, ya kwanza kumwita ilikuwa ya binti muuza dawa na kijana mwoka mikate, Jumamosi, tarehe 11 Julai 2020, uani kwa wazazi wa binti, chini ya kamba za kuanikia nguo zilizofunguliwa upande mmoja ili wapite. Alikwenda na spika yake kubwa kuliko zote, kwa mazoea, akaiwasha, akaanza kuwakaribisha mabibi na mabwana, na bibi wa binti, aliyekuwa amekaa karibu naye kiasi cha mkono kumfikia, akashusha barakoa yake na kumuuliza kwa upole, "Baba, sisi sote tuko hapa hapa, unampigia nani kelele?" Akazima, na ndiyo asili ya agizo la leo la kutotumia kipaza sauti. Alisimama pale, alituambia, mikono haijui iende wapi, kisha kwa kukosa la kufanya akamwomba kila aliyekuwapo aseme jina lake, na jambo moja analolijua kuhusu bwana au bibi harusi, wakazunguka hivyo taratibu mpaka ikafika zamu ya baba wa binti, mtu mkimya ambaye wanawe hawakumbuki kumsikia akitoa hotuba. Baba yule akasema kwamba binti huyu alipokuwa mdogo alikuwa akimsubiri dirishani kila jioni arudi kazini, na kwamba yeye siku nyingine zilizokuwa mbaya huko kazini alirudi nyumbani kwa sababu ya dirisha lile tu, na hajawahi kumwambia. Kisha watu wakala, na maharusi nao wakala. Marehemu alirudi nyumbani jua bado lipo, akakaa jikoni na koti lake la kazi, na dada yangu alipomuuliza imekuwaje akajibu, "Mke wangu, leo nimemwona bwana harusi anakula."

Vizuizi vilipoondolewa na kumbi kufunguliwa tena, simu zikaanza kuita, na hapo ndipo marehemu alipofanya lile ambalo wengi mlilishangaa na baadhi mlilicheka, kwani alisema kumbi zile hazirudii, atasherehesha harusi ambayo anaweza kumjua kila mgeni kwa jina, basi. Mwanawe wa kiume alimwambia waziwazi kwamba anaua kazi yake kwa mikono yake, na kweli kazi ilipungua, spika zikauzwa, sebule ikaonekana ina ukuta, na dada yangu alipoulizwa kama hajali akasema anajali sana, ila Jumamosi amepata mtu wa kugombana naye.

Lililokuwa gumu zaidi lilikuja nyumbani kwake. Binti yake wa kwanza alipochumbiwa, kaka mkubwa wa marehemu, mkuu wa ukoo wao, ambaye yupo nasi hapa na ameniruhusu nilisome hili, alisema kwamba mtoto wa kwanza wa Kengele ataolewa katika ukumbi mkubwa, amekwisha kuwaambia marafiki na wenzake wa kazini, na akauliza mbele ya kikao, "Aolewe uani kimyakimya, ana kasoro gani?" Marehemu alimgeukia binti, na binti akasema maneno ambayo mama yake ameniomba nisiyapunguze, "Baba, umekuwapo kwenye harusi za watu wote. Kwenye yangu nataka uwe baba yangu, usiwe kazini." Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2022, nyumbani, na aliyesherehesha nilikuwa mimi, vibaya, kwa sababu marehemu alikuwa amekaa kando ya mwanawe tangu mwanzo hadi mwisho, akilia bila kujificha. Kaka mkubwa alialikwa, akawekewa mahali, hakuja, na baada ya siku ile akaacha kupokea simu ya mdogo wake.

Marehemu hakuacha kupiga. Kila Jumapili saa kumi alipiga, mke wa kaka yake akapokea, akasema kwa aibu kwamba yupo ila hataki kusema, na marehemu akamjibu, "Basi iweke mezani, shemeji, mimi nina ya kusema," kisha akaongea peke yake, habari za watoto, za mvua, za nani amehama stesheni, za goti linalouma, akaaga, akakata. Nilimuuliza siku moja kama haoni anajidhalilisha, akaniambia kwamba wakati ule wa kufungiwa alijifunza kuwa mtu anaweza kuwa nyuma ya mlango uliofungwa na bado akafurahi kujua uko nje. Huyu shemeji yake amenisimulia juzi kwamba kila Jumapili, ikikaribia saa hiyo, mumewe alichukua gazeti akaketi pale pale mezani, na kwamba kwa muda wote ule hakumwona hata mara moja akifungua ukurasa wa pili.

Mwishoni mwa mwaka 2024 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza, tukadhani ni mafua, haikupona, na madaktari wakagundua uvimbe mbaya kooni, akafanyiwa upasuaji Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, ukaokoa uhai wake kwa muda na kuichukua sauti. Jumapili iliyofuata saa kumi ilifika na kupita. Ilipotimia saa kumi na nusu simu ya dada yangu iliita, na sauti ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia tangu binti aolewe ikasema, bila salamu, "Mbona kimya?" Dada yangu akamweleza. Akasikia simu ikianguka mezani, na mtu akiulizia viatu.

Alikuja hospitali jioni ile ile, akasimama miguuni mwa kitanda, na wale ndugu wawili wakatazamana, mmoja hawezi kusema na mwingine hajui aseme nini. Mwisho kaka mkubwa akavuta kiti, akaketi, akasafisha koo, na akaanza, "Haya. Nyumbani hawajambo. Mvua ilinyesha Alhamisi. Goti langu nalo linauma." Akaendelea hivyo mpaka wauguzi wakamwomba atoke, na tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja, hospitali na nyumbani, akizungumza yeye na marehemu akisikiliza, akicheka kwa mabega, akimpinga kwa kidole. Hali ilibadilika ghafla mwezi Septemba, na marehemu alituacha Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, mkewe na wanawe wote watatu wakiwa chumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa muuguzi yule aliyejifunza kusoma midomo yake na kucheka vichekesho vyake kwa wakati unaofaa, inawashukuru majirani walioleta maji, chakula na viti bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa stesheni, washereheshaji wenzake ambao leo wamekubali kukaa kimya, jambo ambalo tunajua si dogo kwao, na wanandoa wote waliomfungulia nyua zao.

Na kaka mkubwa, ambaye nilimpa karatasi hii aipitie jana, ameirudisha bila kufuta kitu, ameniomba tu niongeze sentensi moja, nami naisoma kama alivyoitamka: harusi ya mtoto wetu ilikuwa nzuri, nimeitazama yote kwenye picha, na nilipaswa kuwapo.

Amekusikia, kaka. Nawe shemeji yangu, kazi umeimaliza, wageni umewapokea kwa majina yao, sasa pumzika kwa amani.