Kinyozi Aliyegawa Mashine Yake

"Mashine ya kunyolea? Kaigawa bure?" Abiria mmoja alikuwa akimuuliza mwenzake; nilikuwa nyuma yao kwenye basi, masikio yote mbele.

Aliyeulizwa, dada mshonaji mwenye futi ya kupimia shingoni, akacheka. "Kampa kinyozi mwenzake! Tangu aliwe pesa kwenye kubeti, mdogo wangu kaacha mchezo huo. Katulia kama maji mtungini, anagawa vitu vyake vyote. Mama anamshukuru Mungu."

Abiria mwenzake, mwenye sare ya uuguzi, hakucheka. "Dada yangu, huyo anaaga. Mpigie sasa, muulize wazi kama anataka kujiua."

Jamani, nikainuka kitini!

Dada akapiga, simu kwenye spika. "Mdogo wangu, unataka kujiua?"

Hata kondakta alisogea kusikiliza, kondakta yule!

"Dada... ni mengi," kinyozi akajibu. "Nitakueleza kesho."

Basi likasimama. Dada na muuguzi wakashuka mbio, dada kang'ang'ania simu: "Kesho utanieleza yote, niahidi! Leo nakuja, nisubiri tu hapo hapo."