Severina Nikolao na Kuku wa Mnyambe

Leo, tarehe 30 Juni 1998, Bibi Severina Nikolao, ambaye wengi tunamwita Mama Christopher, anakabidhi funguo za friji ya chanjo baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mifugo kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Wasomi wapo, tena wenye diploma, lakini hakuna diploma iliyokaa na Mama Christopher kwenye gari moja miaka kumi na minne. Mimi, Safari Mahmudu, dereva, nimekaa. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimeendesha lori hadi Lilongwe na Mombasa, na barabara ya Tunduru nimeipita masika mara saba nikatoka na taa zote mbili zinawaka. Anayebisha aje na leseni yake.

Mama Christopher aliajiriwa mwaka 1966, kazi yake kufagia na kuchemsha sindano. Mwaka 1972 akapelekwa chuo, mwanamke peke yake kati ya wanaume thelathini na watano, akarudi na cheti. Vijijini hawakuwa na neno la mwanamke mwenye kazi ile, wakaendelea kumwamkia "Shikamoo Bwana Mifugo", naye akaitika "Marahaba" bila kusahihisha mtu.

Wenzake walikimbilia ng'ombe, maana ng'ombe ana heshima yake. Yeye alichagua kuku. Alisema huku kwetu juu ng'ombe ni wa kuhesabu kwa vidole, lakini chumvi, mafuta ya taa na daftari la mtoto vinatoka kwenye tenga la kuku la mama. Akifa kuku, nyumba nzima inajua.

Kule Kitangari aliwahi kufundisha kwamba kuku wapewe maji safi kila siku. Mzee Fakihi akasimama mkutanoni.

"Mama, maji tunayafuata bondeni, kwenda na kurudi nusu ya siku. Mimi mwenyewe sijaoga tangu juzi. Leo kuku ndiye anywe maji safi?"

"Baba, wewe usipooga hufi. Kuku asipokunywa anakufa."

Mkutano ulivunjika kwa vicheko. Wiki iliyofuata tulikuta kigae cha mtungi kimejaa maji uani kwa Mzee Fakihi, na majirani walishuhudia kwamba na yeye alikuwa ameoga.

Wimbo wake mkubwa ulikuwa mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima. Nimeusikia mara nyingi mpaka nikiulizwa usingizini nausema: mdondo hauna dawa, una chanjo. Tone moja jichoni, kwa kuku mzima tu, urudie kila baada ya miezi mitatu. Ukishamwona amesinzia, mabawa yameshuka, anahara kijani na shingo inapinda, umechelewa, mtenge na wenzake. Akifa mfukie shimo refu, usimtupe kichakani mbwa akamtembeza kijiji kizima. Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili kabla hajachanganywa na wenyeji. Ugonjwa wa kuhara damu aliuogopa kidogo, kwa kuwa huo una dawa, ukiwahi na ukilikausha banda. Utitiri aliutibu kwa kuwawekea kuku majivu waogee.

Soko huria lilipoingia, dawa zikahamia mezani sokoni, jirani na viatu vya mitumba. Masasi kulikuwa na jamaa akiuza vidonge vya rangi mbili, vya binadamu, akiapa vinaponya mdondo. Mama Christopher alimsimamia pale mezani.

"Nionyeshe kuku mmoja aliyepona."

"Ah, mama, waliopona walishaliwa."

"Basi kilichowaponya ni kisu."

Jamaa alihamisha meza siku ile ile.

Miaka hiyo hiyo chanjo ikaacha kutolewa bure. Ilikuja kwenye chupa ya kuku elfu moja, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa mbili. Ukichanja kuku hamsini, iliyobaki unamwaga. Kwa hiyo ilibidi kijiji kizima kikubali asubuhi moja. Kwa Mnyambe, kijiji alikozaliwa, kazi ya kuwashawishi ilimchukua miaka miwili ya kwenda nyumba kwa nyumba, hadi akina mama wakachanga, wakakubali siku moja ya Agosti 1993.

Katibu wa kamati amenishauri niruke sehemu inayofuata. Nimemwambia kama ataikata, na jina langu alikate.

Mama Christopher alikuwa na sheria moja kwenye gari: siku ya chanjo hapandi kuku yeyote, hata wa mkuu wa wilaya. Nilitumwa Masasi kuchukua chanjo na barafu. Lakini mpwa wangu Yassini, mtoto wa dada yangu Anifa aliyeolewa Mnyambe, alikuwa anatoka jandoni wiki ile, na nyie mnajua mila zetu: mjomba haendi kumtoa mpwa mkono mtupu. Nilinunua majogoo watatu sokoni, nikawaficha nyuma chini ya turubai. Mmoja alikuwa anasinzia. Nikasema ni joto. Mimi, niliyeusikia ule wimbo miaka tisa, nikasema ni joto! Jioni ile nikawaachia uani kwa Anifa, wakachanganyika na kuku wa jirani.

Alfajiri akina mama walileta kuku zaidi ya mia tisa kwenye matenga, wakiimba. Mama Christopher aliwachanja wote, tone kwa tone. Chanjo inahitaji kama wiki mbili ipate nguvu mwilini. Mdondo haukungoja. Siku ya sita kuku walianza kuanguka, na kabla ya mwisho wa mwezi kulikucha Mnyambe bila jogoo hata mmoja kuwika.

Kijiji kikasema dawa ndiyo imeua. Bibi Adija, Mama Ziada, alipoteza kuku thelathini na wawili. Alibeba waliokufa kwenye tenga, akaja kuwamwaga miguuni pa Mama Christopher mbele ya watu.

"Tulikuamini kwa kuwa wewe ni wa kwetu. Haya, chukua kuku wako."

"Pole, Mama Ziada," akajibu.

Wakambandika jina la Mama Mdondo. Tangu siku ile hakuna kuku wa Mnyambe aliyechanjwa, na kila mwaka upepo wa kiangazi ukianza kuku wanakwisha. Na Mnyambe ndiko alikomzika mama yake, ndiko alikojenga nyumba ya kustaafia.

Mimi nilinyamaza. Mwaka ule ilikuwepo orodha ya kupunguza wafanyakazi, na mimi nina watoto sita. Mtu ninayeongea hata na vibao vya barabarani, ulimi wangu ulichukua likizo ya karibu miaka mitano.

Mwezi uliopita nilimkuta stoo anapanga chupa za makabidhiano. Nikamwambia, "Mama, wale kuku wa Mnyambe..."

Hakugeuka. "Safari, manyoya na kinyesi cha kijani niliviona chini ya turubai kabla hata hawajaanza kufa. Nililiosha gari mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Orodha ilikuwa mezani kwa mkubwa. Ningesema, jina lako lingekuwa la kwanza. Nikawafikiria wanao."

Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza, "Ila orodha ilipita, Safari. Ungesema wewe mwenyewe, ningefurahi."

Basi nasema. Mama Ziada, najua umealikwa na utakuwa umekaa mstari wa mbele. Chanjo haikuua kuku wako. Waliuawa na majogoo watatu wa mjomba, na mjomba huyo ni mimi. Hasira mliyompa yeye ilikuwa haki yangu. Nileteeni.

Mama Christopher, ofisi inakushukuru kwa kila jicho la kuku uliloliinamia, kwa kila mama uliyemwokolea tenga lake, na kwa wadogo zako kazini uliowafundisha bila kuwafokea. Mimi nakushukuru kwa mkate wa wanangu, na najua shukrani hiyo haitoshi. Jumamosi nitakupeleka Mnyambe mimi mwenyewe. Nikishashusha mizigo nitapita mlango hadi mlango kuyasema haya kwa mdomo, maana wengi kule karatasi hii haitawafikia, na jina lako halikuchafuliwa kwa karatasi.

Uishi kwa amani kwenye nyumba yako, mama yetu, ule matunda ya jasho lako ukiwa na afya. Na ukibisha hodi kwa jirani, Mungu akujalie usikie mtu wa ndani akisema karibu.