Usingizi Aliouonea Haya Bi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, kama redio iko jikoni, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mshonaji wa magauni ya harusi. Mtaani kwake walimwita Bi Pindo, maana pindo lake halikufumuka hata bibi harusi acheze mpaka kuche. Bi Pindo ametutoka wiki iliyopita. Alikuwa mcheshi, mkali kwa wateja wachelewaji, na alikuwa na aibu moja aliyoingia nayo kaburini. Bi Pindo alikuwa anakoroma.

Mnacheka? Haya, chekeni. Na yeye alichekwa. Tangu usichana wake ndugu walimwita Mashine ya Kusaga. Basi akaapa hatalala ugenini. Harusi ataenda, msibani ataenda, lakini jioni utamkuta kwake. Watu wakasema anaringa.

Hakujua kwamba ule ulikuwa ugonjwa. Kutwa aliinama kwenye cherehani, mgongo ukamuuma, kwa hiyo usiku alilala chali. Na akilala chali tu, jinamizi hilo! Aliota amefungwa ndani ya robota la kitambaa, anavuta pumzi, haiji. Anashtuka anatweta.

“Dada aliamka amechoka kuliko alivyolala,” anasema mdogo wake wa kike. “Sisi tukadhani amerogwa.”

Kisha binti yake wa pekee akajifungua. Bi Pindo angekataaje? Akafunga safari. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta huo analala mkwe. Heshima ya mkwe mnaijua. Bi Pindo akaona heri asilale kabisa, akakesha kitini. Kesho yake mchana, kichanga mapajani, usingizi ukamchukua. Binti alimdaka mtoto akiteleza.

“Mama! Unataka kuniulia mtoto?”

Bi Pindo aliinuka. Alichukua mkoba wake akaondoka, bila hata kumuaga mkwe. Hakulala tena nyumba ile. Na aliyeumia, wasikilizaji, ni binti.

Miaka ikapita. Siku moja alisinzia akishona, sindano ikamchoma kidole. Muuguzi wa kliniki alipokuwa akifunga kidonda akamuuliza, “Mama, usiku unalalaje?”

“Chali, mwanangu. Nimetulia kama maiti.”

“Basi ndivyo utakavyokuwa maiti kweli.”

Akapimwa. Ikaonekana pumzi yake hukatika usingizini, tena hasa akilala chali, kwa kuwa ulimi hurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Akapewa mashine ya kumsukumia hewa puani kwa bomba, na akaambiwa alale ubavu. Fundi ni fundi! Alishona mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, akaupamba kwa lesi, ndani akatia mpira mdogo wa kuchezea. Akigeuka chali, mpira unamsukuma, anarudi ubavuni. Jinamizi likapungua. “Siku hizi naota upuuzi,” alimwambia mdogo wake, huku akicheka. “Jana nimeota nabishana na mbuzi bei ya vifungo.”

Binti akamwita tena: Mama, njoo ulale kwangu, hata siku mbili. Bi Pindo akamnong'oneza mdogo wake, “Niende na kibyongo cha mpira na bomba puani? Mkwe wangu anione?” Akamjibu binti, mwezi ujao. Mwezi ukaja, akasema mwezi ujao. Kisha moyo ukasimama. Daktari alisema ulikuwa umechoka muda mrefu, kabla ya matibabu kuanza.

Msibani, binti alilikuta lile gauni la kulalia lenye mpira. Akamuuliza mama yake mdogo, naye akamweleza yote. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akajifunika uso.

“Mimi nilidhani alinikimbia mimi,” alisema. “Usiku ule nilikoroma. Nikasema, mama mkwe ameshindwa hata kuniaga. Tangu hapo sikuweza kumtazama usoni.”

“Alikusikia,” akajibu mama mdogo. “Akaniambia, mwanamume akikoroma, kachoka. Mwanamke akikoroma, ni kichekesho.”

Niliongea na binti jana. Sauti yake ilikuwa chini sana. “Mama alidhani tatizo ni yeye. Mume wangu alidhani ni yeye mwenyewe. Na mimi nilidhani ni mdomo wangu uliomfukuza. Nyumba nzima tulioneana haya, hakuna aliyeuliza.”

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini leo mimi naona haya kulisema hilo juu ya Bi Pindo. Aliyemfundisha kuficha ni nani, kama si sisi wenye kucheka?

Kwa binti, mkwe, mdogo wa marehemu na mafundi wenzake, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo usiku kuna mtu atakoroma karibu yenu. Msimcheke. Mgeuzeni ubavu taratibu, na kukicha mmpeleke kliniki.