Mlango Unaotazama Uani: Historia ya Marehemu Mwalimu Angelina Yoramu Chilewa

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa Gulwe, na ninyi mliosafiri kutoka Dodoma mjini, poleni sana. Mimi ni Sila, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma haya, na mtanisamehe nikisoma huku nimewapa mgongo baadhi yenu, sababu yake mtaiona.

Dada Angelina alizaliwa hapa Gulwe tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Yoramu, aliyefanya kazi katika gengi la kukarabati reli, na Mama Ruthu, ambaye bado tunaye. Alizaliwa katika tembe iliyosimama papa hapa, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, vyumba vikizunguka ua na zizi, na Mama husimulia kwamba kabla hajajua kuhesabu alikuwa akiuliza kwa nini ukuta ni mnene chini na mwembamba juu, na nani aliamua dirisha liwe dogo namna ile. Majibu hakupewa, alipewa jembe.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1959, akamaliza kidato cha nne Dodoma mwaka 1970, kisha akasomea uchoraji wa ramani za majengo Dar es Salaam. Mwaka 1974 aliajiriwa Dodoma kama mchora ramani, wakati mji unapimwa upya na kila kiwanja kinasubiri nyumba, na tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa na shemeji yetu Daudi, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, Ruthu na Yoramu, waliopewa majina ya bibi na babu yao. Mwaka 1993, wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa, akajaribu kufuga kuku kama wenzake wengi, kuku wakafa, ndipo akaenda kuomba kufundisha katika shule moja ya msingi ya mjini.

Mwaka 1996 shule ile ilipewa kompyuta chakavu na wageni wa kanisa, zikawa zinafunikwa vitambaa kama makochi ya sebuleni, hadi Dada alipoomba apewe wanafunzi wa darasa la sita na la saba mchana ule ambao mgao wa umeme ungeruhusu, awafundishe kuchora mlango, dirisha, ngazi na paa. Mashine ilikuja na vipande vya nyumba za Ulaya vilivyochorwa tayari, basi watoto wote wakachora nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, na Dada, badala ya kukosoa, akamwuliza kila mmoja moshi huo unatoka jiko gani la kwao. Kisha akawatoa nje wakapime nyumba zao wenyewe, binti mmoja aitwaye Salwa, wa familia ya wafanyabiashara wa mjini, akarudi na vipimo vya baraza, na Julai 1997 Dada akawaleta hapa kwa treni wapime tembe ya Mama.

Sasa, waliporudi mjini walichora kila kitu vizuri isipokuwa kimoja, milango yote ya vyumba waliielekeza nje, kwenye reli, kwa kuwa kwao nyumba hutazama njia, na walikuwa wamepima mlango bila kuandika uko ukuta gani. Dada aliliona kosa akaliacha, akasema anataka kujua nani ataligundua.

Januari 1998 mvua iliangusha tembe, Mama akatolewa mzima, tunamshukuru Mungu, akahamia kwa Dada kule Area D, Dodoma mjini, penye umeme na bomba la maji. Mama akaacha kula. Hospitali hawakuona ugonjwa, naye alikuwa akikonda mbele ya macho yetu, amelala anatazama ukuta, nasi ndugu tukaogopa tutamzika, tukakubaliana kumjengea hapa nyumba ya bati yenye mlango barabarani, na fundi tulishampata. Dada alikataa, akasema hajajua bado Mama anakosa nini, na sisi tulimwita mkaidi.

Akamchukua Mama hadi darasani, akamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta. Mama aliitambua nyumba yake, akaitazama sana, kisha akauliza watu wanaingiaje kulala kutokea njiani, na Salwa akamwomba Bibi aonyeshe mlango ukae wapi. Mama akaweka kidole juu ya kioo, akasema, “Hapa. Nikilala nataka kuwaona wanangu wakipita uani. Huko njiani nitamwona nani?”

Salwa akauhamisha mlango, na jioni ile Mama alikula ugali na mlenda, akaomba nyongeza. Nyumba hii mnayoiona ilijengwa mwaka 1999 kwa ramani ya watoto wale, kwa msingi wa mawe, fundi akilalamika mpaka mwisho, na Mama akarudi kuishi humu.

Dada aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2002, akaendelea kufundisha hadi Machi mwaka huu, figo ziliposhindwa. Katika siku zake za mwisho alimwuliza daktari kwa nini dirisha la wodi liko juu kiasi kwamba mgonjwa aliyelala haoni kitu, na daktari alikiri hajawahi kulifikiria. Alifariki Jumanne, tarehe 22 Juni 2004, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Area D na wa Gulwe, walimu wenzake, na wanafunzi wake, Salwa akiwemo, ambaye sasa anasomea ujenzi.

Mama hawezi tena kutembea, na tulipomletea habari hakuuliza kingine ila kaburi litachimbwa wapi. Tumelichimba hapa uani, kando ya zizi, na mimi nimesoma haya yote nikiutazama mlango wa chumba cha Mama. Pumzika kwa amani, Dada, Mama anakuona kutoka kitandani.