Ndoo Yenye Tiketi

Kitu cha kwanza binti alichoona alipoingia behewani ni ndoo ya bluu, imekaa kwenye kiti cha treni kama abiria, huku mzee fundi saa amesimama pembeni yake.

"Nimeikatia tiketi," alisema mshonaji mwenye ndoo. "Chini pachafu, na mume wangu ataitapikia. Amelazwa. Hospitali wana beseni, lakini yeye anataka ndoo yake."

"Anaumwa nini, mwanangu?"

"Kila baada ya wiki sita hutapika siku tatu mfululizo, kisha anaamka mzima anadai chai."

"Huyo ana mimba."

"Hata mama mkwe alisema hivyo, baba. Daktari anasema ni ugonjwa wa kutapika kwa vipindi. Unawapata watoto na watu wazima, na hata furaha huuamsha. Harusi yetu tuliisogeza mbele ili tuukwepe. Bwana harusi akafurahi kupita kiasi, akatapika mbele ya wakwe wote."

"Basi mpe huzuni kidogo."

"Nampa sana. Haisaidii."

Fundi saa alitikisa kichwa. "Anayetapika kwa ratiba anakwepa kazi tu."

Binti aliinama. Mwalimu wake aliwahi kumwambia hivyohivyo, nyumbani wakamwamini mwalimu, na yeye akaachia shule darasa la tano, bila kujitetea hata kwa neno moja.

Treni ilipunguza mwendo. Mshonaji aliinuka na ndoo yake, na binti akamshika mkono.

"Dada," alisema, "na mimi hutapika hivyo. Sikuwa naigiza."

Treni ikasimama.