Kiti cha Mzee Shimo

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mama yetu, mke wa Mzee. Dada Mkubwa, binti yao, uliyekabidhiwa funguo za karakana sasa hivi na kwa hiyo nakutazama kwa adabu ya pekee. Wateja wetu wa zamani na wa juzi. Mafundi wenzangu, mliooga leo mpaka mmenipotea. Nawe Mzee wetu, Mzee Shimo, uliyekaa hapo mbele na shati jeupe kana kwamba hujawahi kuonana na vumbi la mbao: salamu zangu ziwafikie kwa mpangilio huo huo, na ambaye sikumtaja ajue nimemwona.

Nimepewa nafasi niseme kwa niaba ya mafundi. Huko nyuma nasikia mnong'ono: “Kwa nini yule? Si shule ilimshinda?” Ni kweli, shule nilitoka mapema, tena kupitia dirishani. Lakini tulipokaa kumchagua msemaji, wenzangu wote waliangalia miguu yao, mimi nikaangalia kioo. Kwa kupiga randa, hapa mjini ananizidi mtu mmoja tu, naye leo anastaafu. Kwa mdomo hata yeye hanifikii. Randa alinifundisha, mdomo nilikuja nao.

Ndugu wageni, hebu geukeni mtazame milango mliyoingilia. Nawe Mheshimiwa geuka, shingo haina cheo. Mnaona? Kila bawa la mlango ni ubao mmoja mzima, bila kiungo. Mzee aliitengeneza akiwa kijana kama mimi, ingawa anadai yeye alikuwa na sura nzuri zaidi. Mvule uliotoa mbao hizo ulisimama kilimani, pale nyuma ya karakana, kilima ambacho leo mbuzi akikipanda unamwona ukiwa sokoni. Wakati ule, anasema Mzee, mbuzi akiingia kule umeshampoteza. Basi siku milango ilipokwisha kufungwa hapa ukumbini, alipanda kilimani na bakuli lake la chakula cha mchana, akatafute kivuli alichozoea kukaa. Akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Akasimama juani na bakuli mkononi, ndipo akaelewa: kivuli chake kimeshatiwa bawaba na kitasa.

Aliporudi akaweka sheria ambayo wote humu ndani imewapata. Ukija kuchukua kitanda, kabati, hata stuli ya jikoni, Mzee anakuuliza kwanza, “Shimo liko wapi?” Kisha anavaa kofia yake, mnakwenda mpaka kwako, anapiga goti, anazamisha mkono kuona kama shimo linafika kiwiko. Likifika, anakupa mche, nasi tunapakia mzigo. Lisipofika, kitanda kinarudi karakana na wewe unarudi kwenye mkeka. Watoto wa mtaani wakampa jina, nalo limemganda kuliko gundi yetu.

Mnamwona yule bwana aliyejificha nyuma ya mke wake? Alikuja na mkokoteni kuchukua kitanda, kesho yake anaoa.

“Shimo liko wapi?”

“Mzee, mimi nimepanga chumba kimoja. Nikachimbe wapi, uvunguni?”

“Uvunguni mwa nini? Kitanda si bado kiko kwangu?”

“Nionee huruma, Mzee! Kesho tutalala wapi?”

“Kaulize ukweni.”

Akaenda kweli! Akaomba jembe kwa mama mkwe, akachimba uani na viatu vyake vya harusi miguuni. Yule mama, aliyekuwa akimwita “huyo kijana wenu”, akamletea maji ya kunywa akamwita mwanangu. Leo mti ule unafunika jiko lote la mama mkwe, na bwana huyu akienda kusalimia, kiti chake kinawekwa chini ya mti huo. Kaka, wewe ulifuata kitanda tu; heshima uliichimba mwenyewe.

Mheshimiwa, usicheke sana, zamu yako imefika. Mheshimiwa aliagiza meza ya ofisi. Akatupeleka kwa fahari mpaka mbele ya jengo, akatuonyesha shimo refu, zuri, limenyooka. Mzee akalitembea urefu wake wote, mikono nyuma, halafu akauliza kwa upole, “Mheshimiwa, huu mti utaota umelala?” Kumbe ni mtaro wa bomba la maji! Lakini niseme la haki: Mheshimiwa alivua koti palepale akashika jembe, wala hakumpa dereva. Tangu siku hiyo kura yangu anayo, na masimango yangu anayo vilevile.

Sasa nisogeze utani pembeni kidogo. Mnajua kwa nini meza zenu za siku hizi zina mistari? Ni vipande. Tunaunganisha, tunabana, tunapiga msasa, tunaomba Mungu. Lori la mbao lililokuwa likishuka kilimani kabla ya chai, leo dereva wake analala njiani, na akifika anatushushia fito anazoziita mbao kwa kutupa moyo. Kijito cha chini ya kilima tunakivuka na soksi. Redioni wanasema dunia inazidi joto. Mimi chombo cha kuipima dunia sina, nina bati la karakana juu ya kichwa changu, na linasema hayohayo.

Dada Mkubwa, wiki iliyopita nilikusikia. Sikuchungulia, nilikuwa nakoroga gundi, na masikio yangu hayana mlango. Ulimwambia Mzee, “Baba, ukiondoka, na shimo lipumzike. Wateja wanahamia lile duka la barabara kuu. Wanabeba vitanda vya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na hakuna anayewauliza kitu.” Mzee akakujibu, “Karakana ni yako, mama. Amua wewe,” akaendelea na randa. Lakini niliitazama mikono yake. Alikuwa anaparua ubao kinyume cha nyuzi zake, kosa ambalo nikilifanya mimi hunifukuza nje nikazungumze na kuku.

Sikulaumu, Dada. Sisi sote tunakula kwa wateja hao, na tumbo langu unalijua. Ila msikilize mdogo wako. Mzee amezeeka ananusa mbao. Mimi nitazeeka nanusa nini? Miche aliyogawa mji mzima ndiyo mbao zangu za uzeeni, na za huyo mwanao aliyelala mapajani pako. Tukiacha leo, atapiga randa nini? Unga wa mbao haupigwi randa, Dada. Unapanguswa.

Mzee wangu, tumekutengenezea kiti, hicho hapo chini ya kitambaa. Mikono ya kiti nimeichonga mimi, kwa hiyo utakisifu. Mbao zake unazijua: ni mti wako mwenyewe, ule wa uani kwako, ulioupanda kwa mkono wako na upepo ukauangusha mwaka juzi. Tangu siku hiyo Mama anaanika nguo bila kutafuta jua.

Ngoja, Mzee, usinyanyuke! Usikiguse! Kwetu kitu hakitoki hivihivi. Kuna swali, na huliuliza mwenye karakana. Miaka yote ulikuwa wewe. Leo si wewe, wala si mimi, ingawa ningependeza. Dada Mkubwa, kiti hicho hapo, mteja huyu hapa. Una la kumuuliza, au tumpakilie aende zake?

Tunakusubiri, Dada.

Haa! Mmemsikia? Wa nyuma hawakusikia. Rudia, Dada, kwa sauti ya bosi!

“Baba, shimo liko wapi?” Ndiyo maneno yake, na ukumbi mzima ni shahidi! Mzee, acha kujificha nyuma ya leso, tunakuona. Mjibu bosi. Huna? Basi kiti kinarudi karakana, na kesho asubuhi Dada Mkubwa anavaa kofia yako, anakuja kwako kuzamisha mkono.

Mheshimiwa, Mama, ndugu wote, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Nawe Mzee wangu, jembe tumekuwekea nyuma ya mlango wako uleule wa mvule.