Historia ya Mama Pindo, Aliyemfuata Mtoto Mmoja Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza dada yetu mkubwa, familia imemtuma mdogo wake wa kiume awasomee maisha yake, naye anaomba radhi mapema, maana historia ya mtu hutakiwa iende mbele, na hii kila tulipoisukuma ilirudi nyuma, hata tukabishana sebuleni kama marehemu ameacha mtoto mmoja au wawili, wakwe wakabaki wametutolea macho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1955, akamaliza 1961, akafaulu hesabu na kushindwa kunyamaza, kisha akapelekwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa sokoni kujifunza kazi. Ilipofika Januari 1966 alikuwa na cherehani yake mwenyewe kwenye kibaraza cha duka la misumari, akishona sare za shule, na aliweza kumtazama mtoto akipita njiani akajua upana wa bega lake bila kumgusa.

Tarehe 6 Desemba 1969 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, ambaye dada yetu alimsaidia kuyasema yaliyobaki bila kuombwa. Walikaa, mtoto hakupatikana, wakahangaika kwa madaktari, naye akaendelea kuwavika watoto wa wenzake.

Mwaka 1981 mkunga aliyewahi kuwa jirani yetu, wakati huo akifanya kazi nchi nyingine, alileta habari za binti mdogo asiye na mtu, aliyelelewa katika nyumba ya watoto huko, na dada yetu hakuuliza sura wala tabia, aliomba vipimo. Mkunga akampima mtoto bega, kifua na urefu, dada yetu akashona magauni ya kila rangi, akayapiga pasi, akayafungasha, halafu wakasubiri kibali cha kumchukua mtoto, ofisi hii ikiwatuma ile, na ile ikiwarudisha hii, hadi kilipotoka Septemba 1984, wakapanda treni.

Yaliyotokea huko hakuyasimulia hata siku moja bila kushika kichwa, maana gauni la kwanza liligoma kwenye viwiko. Yeye aliyewagombeza wazazi wa mtaa mzima kwamba watoto hukua, alisahau kwamba na wake, huko asikomwona, alikuwa anakua. Alilia mbele ya walezi, mtoto naye akalia kwa kumwona mtu mzima analia, shemeji akatoka nje kutazama kama kuna mvua, na njiani kurudi dada yetu akayafumua magauni, akayaunga mawili mawili kwa mkono, ndiyo maana binti aliteremka stesheni tarehe 22 Septemba 1984 akiwa mwekundu mbele na kijani nyuma.

Binti hakujua lugha yetu, wala hakuelewa ameletwa kufanya nini. Alidhani huyu mama ni fundi tu, na akishamaliza kumshonea atamrudisha, kwa hiyo kila asubuhi alikunja nguo zake, akaziweka mlangoni pamoja na viatu, akakaa kusubiri, na sisi tukamsifu kwa usafi. Majirani walimwita Mgeni, kwa wema tu, wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe wanamzidishia hofu. Dada yetu ndiye aliyeng'amua, akamshonea gauni lenye pindo refu kupita kiasi, akalikunjua mbele yake, akamwonyesha kwa kidole kwamba hapa ni mwaka huu, hapa ni mwakani, na hapa ni mwaka ule mwingine, na kesho yake mlangoni hapakuwa na nguo. Tangu hapo hakumshonea mtoto yeyote bila akiba ya pindo, akapata jina lake la Mama Pindo, na binti akakua, akasoma, akawa fundi wa miwani.

Shemeji alitutoka tarehe 3 Aprili 2011. Mwaka 2019 ugonjwa wa kusahau ulimwingia dada yetu, ukaanza na majina yetu sisi wadogo zake, jambo ambalo hatukulipokea kiungwana, kisha ukamchukua binti, na marehemu akawa anamweleza huyo huyo anayemlisha kwamba ana mtoto nchi ya mbali, anamsubiri, lazima akamchukue. Binti aliumia, tusifiche, maana mtoto aliyekuwa akililiwa hivyo ni yeye, na hakuna aliyemruhusu kuingia katika nafasi yake mwenyewe. Alipomwambia mama, ni mimi, mama alicheka kwa adabu, akamjibu kwamba watoto hawana mvi. Ndipo binti akawa anabeba begi, wanatembea hadi stesheni, wanakaa kwenye benchi, wanarudi kwa kuwa treni imechelewa, na mdogo mtu anayewasomea hapa akamgombeza kwamba anamdanganya mzee, naye akamjibu, mjomba, afadhali nimsindikize kunifuata kuliko aende peke yake.

Mwaka 2022 marehemu alimsimamisha binti katikati ya chumba, akampima bega, kifua na urefu, akisema safari hii harudii kosa, wenye ofisi wana mwendo wao, hadi kibali kitoke mtoto atakuwa mwanamke mzima mwenye mwili kama huu. Alilishona gauni hilo kwa miezi, akifumua na kuanza upya, likamkaa binti sawasawa, akamkabidhi amtunzie mtoto.

Tarehe 9 Julai 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu, na tarehe 17, saa nne asubuhi, akafariki akiwa amemshika binti mkono. Kama alimtambua hatujui, na binti ametukataza kuwaambia kwamba tunajua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, mafundi wenzake waliofunga vibaraza vyao leo, majirani waliomrudisha kila alipotoroka na begi, na mkuu wa stesheni aliyekuwa akimtangazia kwa heshima zote kwamba treni imechelewa.

Marehemu ameacha mtoto mmoja. Wakwe zetu, yule wa pili mliyekuwa mkimtafuta ni huyo huyo, amekaa mstari wa mbele na gauni lake amelivaa, na asubuhi ya leo alipolikunjua amekuta ndani pindo refu, la mwakani na la mwaka ule mwingine. Hatutalifumua.

Pumzika sasa, Mama Pindo, pumzika kwa amani, mtoto ameshafika nyumbani.